Mlango wa Chuma wa Mama Hana

Mama alikufa Jumanne ya pili ya mwezi wa tisa mwaka huu, asubuhi, kabla sijamaliza kumkorogea uji. Kwa kifo chake tulimpoteza mtu wa mwisho aliyekuwa akimtaja kaka yangu Simiyu kama mtu aliyechelewa, si kama mtu aliyekufa. Hata wiki ile ya mwisho, akiwa hawezi kugeuka kitandani bila kushikwa, alikuwa akiuliza kama mvua imefika upande wa Sirisia, kwa sababu Simiyu hakuwahi kupenda kutembea kwenye matope.

Siku moja kabla ya maziko, baba mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa wa boma letu hapa Myanga, aliniita nyuma ya jikoni. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi na hakuinywa. “Nekesa,” akasema, “mama yako amepumzika. Kesho tukimaliza na yeye, tumalize na ya Simiyu pia. Shimo moja ndogo tu, kando yake. Mgomba tumeshachagua.” Kwetu, mtu akipotea na mwili wake usionekane, ukoo hukata shina la mgomba, ukalifunga shuka, ukalizika mahali pake, ili jina lake litulie na waliobaki waendelee na maisha. Mama alilikataa jambo hilo kwa zaidi ya miaka thelathini. Wazee walikuja na maneno matamu, wakaja na maneno makali, akakataa. Sasa mtoto wake aliyebaki ni mimi, na neno langu ndilo lililokuwa likingojwa. Nilimwambia baba mdogo nitamjibu asubuhi. Nilipokuwa nikirudi uwanjani nilisikia nyundo. Fundi wa mbao alikuwa kwenye nyumba ya Mama, akifunga komeo jipya mlangoni, kwa sababu nyumba isiyo na mtu lazima ifungwe. Nikasimama pale nikimtazama, na mwaka ule wa Kitale ukanirudia wote.

Nilikuwa na miaka kumi na minane mapigano yalipozuka pande zetu. Sitaeleza yalivyoanza, maana sikusoma sana na waliosoma wameyaandika. Ninajua ya nyumba yetu tu. Simiyu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya tumbaku upande wa Sirisia, watu wakaanza kuchomeana nyumba chini ya mlima, na yeye hakurudi. Mtu mmoja alisema alimwona akivuka mto na begi kichwani. Mwingine alisema hakuvuka. Hiyo ndiyo habari yote tuliyowahi kupata. Baada ya miezi michache Mama aling’oa komeo la mlango wake kwa panga, akalitupa kwenye shimo la takataka, akawa analala mlango umerudishwa tu, haujafungwa. Alisema Simiyu hapendi kugonga.

Mwaka uliofuata nilitumwa Kitale kwa Senge, shangazi yangu, aliyekuwa na chumba kimoja mtaa wa Kipsongo. Chumba kiligawanywa kwa pazia la magunia. Upande mmoja kitanda, upande mwingine jiko na karai la mandazi, na mimi nililala kati ya viwili hivyo. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo tulijua maisha ya jirani yote, hata chumvi ilipozidi kwenye mboga yao. Senge alisikia kwamba kuna mama mzungu nje ya mji anatafuta msichana wa kufagia. “Si mzungu wa kawaida,” akaniambia. “Ni Myahudi.” Jirani akaingilia kutoka ng’ambo ya ukuta: “Wayahudi? Wale wa Biblia? Kwani bado wako?”

Alikuwa anaitwa Hana. Hakuwa na mtoto, lakini mtu mzima haitwi kwa jina tupu, kwa hiyo sote tulimwita Mama Hana. Wazazi wake walitoroka Ujerumani wakati Wayahudi walipokuwa wakifukuzwa makwao, wakafika Kitale wakaanza kufuga ng’ombe wa maziwa, na yeye akazaliwa hapo hapo. Nilipomjua, shamba lilikuwa limekwisha kukatwa vipande na kuuzwa. Kilichobaki ni nyumba ya mawe yenye paa la mabati mekundu, na vyumba vitatu vya mbele alikuwa amevigeuza makumbusho ya Wayahudi wachache waliowahi kuishi nyanda hizi. Chumba cha kwanza kilikuwa na picha ukutani. Cha pili kilikuwa na masanduku ya safari, cherehani, na vinara viwili vya mishumaa ambavyo sikuruhusiwa kuvisugua kwa majivu. Cha tatu kilikuwa na makopo ya maziwa na kengele za ng’ombe, na hicho ndicho wageni walikipenda, kwa sababu walivitambua vitu vyake. Kila Ijumaa Mama Hana alioka mkate uliosukwa kama nywele. Tuliofanya kazi katika nyumba hiyo tulikatiwa kipande na chai, na mimi nilimpelekea Senge nusu ya changu, naye akasema ni mandazi yaliyosoma.

Jumapili walikuja akina mama wa makanisa, na sare zao za vitambaa kichwani, kuwaona Waisraeli. Ninakumbuka mmoja aliyemzunguka Mama Hana mara mbili. “Ati wewe ndio Myahudi mwenyewe?” “Ni mimi.” “Na Yerusalemu ikoje?” “Sijui, mama. Nimeiona kwenye kalenda. Mimi ni wa Kitale.” Yule mama akacheka, lakini niliona amevunjika moyo kidogo. Akamgeukia mwenzake akasema kwa sauti ambayo sote tuliisikia: “Huyu anaongea Kiswahili kama mtu wa kununua mahindi.” Mama Hana akajibu, “Si nimenunua mahindi miaka mingi?”

Pasaka nilienda nyumbani, na hapa lazima niseme nilichokifanya. Kulikuwa na kijana aliyenipenda, na watu wake walitaka kuja kuzungumza. Walipeleka ujumbe kwamba hawawezi kuingia kwenye boma lenye msiba ambao haujafungwa. Kama Simiyu amekufa, azikwe mgomba, mambo yaishe. Mimi nilikubaliana nao. Sikukubali kwa ajili ya mila wala kwa ajili ya Simiyu. Nilikuwa nimechoka kuishi nyumba inayongoja, na nilitaka kuolewa. Nilinunua komeo Bungoma mjini nikiwa njiani, na Mama alipokwenda kisimani nikalipigilia misumari mlangoni. Aliporudi aliweka mtungi chini, akaliangalia, akaingia ndani, akatoka na panga. Akalibandua mpaka msumari wa mwisho ulipotoka. Nikamwambia, “Mama, yule amekufa. Wewe peke yako ndiye hujui.” Akanijibu, “Ndiyo, sijui. Wewe umejulia wapi?” Nilimwita mjinga. Mama yangu. Nikarudi Kitale bila kula malewa, machipukizi ya mianzi ya mlimani, aliyokuwa amenichemshia kwa karanga siku mbili nzima, chakula ambacho mpaka leo siwezi kukiona sokoni bila kugeuza uso.

Mwezi wa sita Mama Hana alimwita Fundi Barasa. Barasa alikuwa mtu wa kwetu, wa Myanga, na kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti. Nusu ya mageti makubwa ya Kitale siku hizo yalikuwa ya mkono wake, yale yenye mioyo na maua ya chuma juu. Kama wengi wetu alichanganya r na l, na sitamsahihisha, kwa sababu ndivyo alivyosema. Mama Hana alimwonyesha mahali, kwenye nyasi kati ya barabara na makumbusho. “Nataka mlango,” akasema. “Wa chuma, mrefu kumpita mtu, na fremu yake. Usimame hapa peke yake. Uwe wazi nusu.”

Barasa akaangalia nyasi. “Nyumba iko wapi?”

“Hakuna nyumba.”

“Ukuta je?”

“Hakuna ukuta. Mlango tu.”

“Mama,” akasema Barasa polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, “mrango huu unafungia nani?”

“Haufungii mtu. Ni ukumbusho.”

Alimaliza kazi kwa wiki tano. Alikuja na mkokoteni na vijana wanne wa kuusimamisha, na lazima niseme ulikuwa mlango mzuri. Hakuweka mioyo wala maua, kwa sababu alikatazwa, lakini bawaba zake zilikuwa laini hata ungeusukuma kwa kidole kimoja. Na kwa ndani, mahali pa mkono, alikuwa amechomelea komeo kubwa linaloteleza na tundu la kufuli. Mama Hana akaliona. “Fundi, sikusema komeo.” Barasa akavua kofia. “Hukusema, lakini hiyo ni zawadi yangu. Mrango bila komeo, watu watauliza ni nani alitengeneza. Wataambiwa ni Barasa. Mimi nitapita wapi?” Mama Hana akaliacha. Nadhani aliona ni ukatili kumfedhehesha mtu kwa kazi aliyoifanya vizuri.

Mji ulicheka sana. Waliopita barabarani walisimamisha baiskeli. “Huyu mama amejenga mlango, nyumba itakuja mwaka ujao!” Wengine waliupita kutoka upande mmoja hadi mwingine, wakageuka na kubisha hodi, wakajijibu karibu. Barasa alikuwa akija jioni kuutia mafuta, na ukimcheka alikuambia ukatengeneze na wewe wako.

Kila jioni, saa kumi na mbili kasoro, kazi yangu ya mwisho ilikuwa kufunga makumbusho. Nilifunga madirisha, nikafunga chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, nikafunga mlango wa mbele. Kisha nilipita kwenye nyasi nikaufunga na ule wa chuma, nikasukuma komeo mpaka likalia. Hakuna aliyenituma. Niliufunga kwa sababu nilikuwa nimelelewa hivyo, kabla ya Simiyu kupotea: mlango haulali wazi. Msichana anayeacha mlango wazi anaulizwa alilelewa na nani. Asubuhi nilipofika niliukuta wazi nusu, kama ulivyowekwa, nikadhani kuna watu wanaochezea usiku. Nikaufunga tena jioni. Ilikwenda hivyo karibu mwezi na nusu. Wala haikunijia hata mara moja kwamba kilichomsumbua mwanamke mmoja Myanga kilikuwa kinamsumbua mwingine hapo hapo nilipofagia.

Jioni moja nilisikia mtu nyuma yangu. Mama Hana alikuwa ameketi kwenye ngazi za veranda, na sweta lake begani.

“Kumbe ni wewe, Nekesa.”

“Ni mimi, Mama.”

“Kila siku?”

“Kila siku. Mlango haulali wazi, Mama.”

Nilidhani nitafukuzwa. Alipapasa ngazi kando yake, nikaketi. Akaniambia kwamba baba yake alipoondoka Ujerumani, mama yake mzazi, yaani nyanya ya Hana, alikataa kuondoka. Alisema amezeeka mno kusafiri. Alisema ataacha mlango bila kufunga, ili siku watakaporudi wasisimame nje wakigonga kama wageni. Baadaye askari waliwachukua Wayahudi wa mtaa ule wote, na yeye pamoja nao. Jirani mmoja aliandika barua baada ya vita kwamba alipita pale asubuhi ile na mlango ulikuwa wazi nusu. “Hatuna kaburi,” Mama Hana akasema. “Hatujui ni wapi, hatujui ni siku gani. Tunajua mlango tu. Ndiyo maana nimeuweka.” Kisha akasema, bila ukali wowote, “Na mimi kila asubuhi naamka naukuta umefungwa, nikawa nafikiri labda ni watoto wanaochezea.”

Nilitaka kuomba msamaha na sikuweza. Badala yake nikamwambia habari za komeo la Myanga, na panga, na neno nililomwita Mama. Hakunifariji. Aliuliza, “Mama yako ameshauona mlango huu?” Nikasema hapana. “Basi mlete.”

Mama alikuja baada ya mavuno, akiwa na kuku chini ya kwapa na njugu mawe kwenye kikapu, kwa sababu hakuwa mtu wa kwenda kwa watu mikono mitupu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Njiani kutoka Kipsongo nilimweleza habari ya yule nyanya, kwa Kibukusu, na sikujua kama ananisikiliza au bado amenikasirikia. Tulipofika Fundi Barasa alikuwa pale na kopo lake la mafuta. Mama hakuenda kumsalimia mwenye nyumba kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango, akausukuma, ukaenda, akaurudisha. Akapitisha mkono kwenye fremu. Alipofika kwenye komeo mkono ukasimama.

“Nani aliweka hii?”

“Ni mimi, Mama,” akasema Barasa. “Hiyo ni chuma nzuri.”

“Wewe ni mtoto wa nani?” Barasa akataja baba yake, wa Myanga, kando ya soko. Mama akaitikia kwa kichwa, alimjua. “Baba yako alikuwa mtu na akili,” akasema kwa Kiswahili chake. “Toa.”

“Mama, kazi ya fundi...”

“Toa, mtoto wangu. Yule nyanya akikuja, atapita wapi?”

Barasa alisimama. Ninaweza kusema alikuwa na miaka arobaini, na watoto, na jina mjini. Alimwangalia Mama Hana, aliyekuwa amefika pale, kisha akaenda kuchukua msumeno wa chuma kwenye baiskeli yake. Ilimchukua karibu saa nzima, kwa sababu alikuwa amechomelea vizuri. Alisugua mahali pale kwa tupa mpaka pakawa laini. Alipomaliza, Mama aliuliza nyanya yule alikuwa akiitwa nani. Mama Hana akamtajia. Mama akalirudia jina lile vibaya, akarekebishwa, akalirudia tena mpaka likakaa. Kisha akasema, “Mimi, wangu ni Simiyu,” na Mama Hana naye akalisema, mara moja tu, sawasawa, maana alikuwa mtu wa Kitale. Tukaingia ndani tukala mkate wa kusukwa na njugu mawe. Kuku alifungwa mguu kwenye meza ya jikoni, na Mama Hana hakumchinja kamwe. Komeo alilichukua Barasa, ambaye hakuweza kutupa chuma, akalifunga kwenye banda lake la kuku.

Kijana yule alioa kwingine. Niliumia, sitasema sikuumia. Lakini sikumwambia tena Mama amzike Simiyu, wala yeye hakunikumbusha neno nililomwita. Mama Hana alikufa miaka mingi iliyopita, na nyumba ile sasa ni shule ya watoto wadogo. Mlango bado upo. Watoto hujipanga mstari asubuhi wakapita humo wakienda darasani, na sidhani mwalimu anajua ni wa nini. Ninaishi hapo Kitale, mtaa wa pili, ingawa Mama alipougua nilirudi Myanga kumuuguza. Kila nikipita huuangalia.

Hayo ndiyo niliyoyafikiria mpaka kulipokucha siku ya maziko. Baba mdogo alikuja na wazee wawili. Mgomba ulikuwa tayari umekatwa, umelala kando ya kaburi la Mama, na shuka mpya juu yake.

“Unasemaje, mtoto wetu?”

“Nasema hapana, Baba.”

“Nekesa. Huyo kijana angekuwa hai angekuwa mzee kama mimi. Wewe unaamini atarudi?”

“Siamini,” nikasema, na ni kweli, siamini. “Lakini kuzika mgomba ni kusema tunajua. Mama hakujua, akakataa kusema. Mimi pia sijui. Alikataa akiwa hai, sitamkubalia akiwa amelala.”

Mzee mmoja akasema wanawake wa boma hili ni vichwa vigumu tangu zamani. Baba mdogo akasema nitajibu mimi siku mambo yakiharibika. Nikasema nitajibu. Tulimzika Mama saa nane, peke yake, na wimbo alioupenda ukaimbwa hadi mwisho, ubeti baada ya ubeti.

Watu walipoanza kutawanyika nilikunja shuka ile mpya nikampa mke wa baba mdogo. Nikachukua panga nikaukatakata mgomba vipande vidogo, nikawapelekea ng’ombe, wakala. Kisha nikaazima bisibisi kwa kijana wa bodaboda, nikaenda kwenye nyumba ya Mama. Komeo lilikuwa na skrubu nne. Tatu zilitoka haraka, ya nne ilikuwa imeingia kombo na nikatumia muda. Nilipolitoa nililiweka dirishani, nikausukuma mlango nusu, nikaweka jiwe chini yake. Nikasimama kando. Kuku mmoja akaja, akachungulia, akaingia ndani.